Jinsi ya kusoma gudulia la Wamoche

Kwa miaka miwili niliwafundisha watu jambo lisilo kweli. Naishi Hamburg, jioni nafundisha ufinyanzi, na kila kundi jipya nilikuwa nalipeleka kwenye jumba moja la makumbusho kutazama gudulia la Wamoche wa Peru. Gudulia lenyewe liliwekwa kwenye kabati la kioo lililoegemea ukuta. Upande unaoonekana una mtu mwenye kofia ya kifahari, ameketi, na mbele yake yuko kiumbe mwenye kichwa cha ndege anayemnyooshea kikombe. Nikawa nawaambia wanafunzi: hii ni karamu, mkubwa anakaribishwa kinywaji. Walifurahi, nami nikafurahi, maana kwetu Kyela mgeni hupewa kitu cha kunywa kabla hajaulizwa habari za safari.

Halafu nikaenda Peru. Nikiwa Lima niliuona mchoro wa tukio hilohilo umekunjuliwa wote kwenye karatasi moja ndefu, mbele na nyuma kwa pamoja. Chini ya miguu ya yule mwenye kofia walikuwapo watu uchi, mikono imefungwa mgongoni, wanakatwa koo. Kinywaji kile kilikuwa damu yao.

Niliona aibu mbele ya wanafunzi wangu, nikawaita wote nikawaeleza upya. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kulisoma gudulia la Wamoche, na ndio ninaouandika hapa, kwa mtu yeyote atakayesimama mbele ya kabati kama lile, iwe Lima, London, Berlin au Chicago, au atakayekutana na picha zake kwenye simu.

Kwanza jua walikuwa wapi

Wamoche waliishi pwani ya kaskazini ya Peru, takriban kati ya mwaka 200 na 850 BK. Pwani ile ni jangwa. Upande mmoja ni Bahari ya Pasifiki yenye samaki tele, upande mwingine ni milima ya Andes, na katikati inapita mito michache inayotengeneza mabonde ya kijani: Moche, Chicama, Jequetepeque, Lambayeque na mengine. Walichimba mifereji, wakalima mahindi na maharage, wakavua kwa mashua za matete. Karibu na mji wa Trujillo bado vimesimama vilima viwili walivyovijenga kwa matofali mabichi ya udongo, Huaca del Sol na Huaca de la Luna. Huaca (sema “waka”) ni mahali patakatifu. Ile ya kwanza peke yake inakadiriwa kuwa na matofali zaidi ya milioni 130.

Hawakuacha maandishi tunayoweza kuyasoma. Mtafiti Rafael Larco Hoyle, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba ya miwa katika bonde la Chicama na ambaye mwaka 1926 alianzisha makumbusho hukohuko Chiclín, aliamini kwamba maharage yenye alama yanayochorwa kwenye vyungu yalikuwa aina ya maandishi. Wengi hawakukubaliana naye. Kilichobaki ni kusoma vyungu vyenyewe, na vipo maelfu kwa maelfu. Makumbusho ya Larco, ambayo siku hizi iko mtaa wa Pueblo Libre mjini Lima, ina ghala lililo wazi kwa wageni: rafu hadi darini, nyuso zote zinakutazama. Siku ya kwanza nilitoka humo kichwa kinaniuma.

Anza na shingo

Jicho litavutwa na picha. Lizuie. Anza juu.

Chombo chao mashuhuri ni gudulia lenye mpini wa duara uliokaa kama kikuku cha kupandia farasi. Mpini huo ni mrija: una tundu ndani. Mikono yake miwili inatoka mabegani mwa gudulia, inakutana juu, na pale inapokutana unachipuka mdomo mmoja. Ukimimina, kinywaji kinapanda mkono mmoja na hewa inaingia kwa mkono mwingine, kwa hiyo hakibugujiki. Kwa sababu mdomo ni mwembamba, kinywaji hakimwagiki njiani wala hakikauki upesi kwenye jua la jangwa. Wamoche hawakulibuni wao. Watu wa Cupisnique, waliokaa pwani hiyohiyo karne nyingi kabla yao, walikuwa nalo tayari, na Wachimú waliokuja baadaye wakaendelea nalo.

Mwaka 1948 Larco Hoyle alionyesha kwamba mdomo wa gudulia unaweza kukuambia umri wake. Aliyagawa magudulia katika hatua tano, na mpaka leo namba zake zinatumika kwa vyombo vya mabonde ya kusini, Moche na Chicama hasa. Mdomo mfupi wenye ukingo mnene uliojitokeza kama pete ni hatua ya kwanza. Ukingo ukiwa upo lakini umepungua, na mdomo umerefuka kidogo, ni ya pili. Mdomo uliobinuka kwa nje kama tarumbeta ni ya tatu. Mdomo mrefu, kuta zimenyooka, hauna ukingo, ni ya nne. Na mdomo unaopungua kadiri unavyopanda, kama koni, juu ya mpini uliobanwa ukafanana na pembetatu, ni ya tano. Ila usiutumie utaratibu huu kwa vyombo vya Jequetepeque na kaskazini yake. Huko mambo yalikwenda kivingine, na wachimbaji hutumia mgawanyo wa mapema, kati na mwisho.

Kwa nini nasisitiza shingo? Kwa sababu ndiyo itakayokuambia utegemee picha ya namna gani. Hatua za mwanzo zina michoro michache, mikubwa, yenye nafasi. Hatua ya nne ndiyo yenye hadithi ndefu zilizojaa watu. Hatua ya tano mchoraji hakubali hata upenyo: kila pengo limezibwa na nukta, tunda au kijiti, na macho yako yatapotea usipokuwa na subira.

Kisha mkono wa mfinyanzi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi wa Kikisi pale Ikombe, jirani na Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Ukimletea chungu cha mtu mwingine hakukitazama kwanza. Alikigeuza akapapasa kitako, akaingiza mkono ndani, akanyamaza, kisha akasema kimefinyangwa na mtu mvivu au mtu mwenye haraka. Kwenye makumbusho huruhusiwi kupapasa, lakini macho yanaweza kufanya nusu ya kazi hiyo.

Tafuta mshono. Wamoche hawakuwa na gurudumu la kufinyangia. Magudulia mengi yalitoka kwenye kalibu ya udongo uliochomwa, yenye vipande viwili. Mfinyanzi alibandika udongo ndani ya kila kipande, akaugandamiza kwa vidole, akaviunganisha, na ulipokauka kiasi akaitoa kalibu. Ule mshono unashuka ubavuni. Mara nyingi wameusugua ukafutika, lakini mwanga ukija kwa upande utaona kivuli chake kama kovu la zamani. Mpini na mdomo vilitengenezwa peke yake na kubandikwa baadaye. Pale mpini unapoingia begani ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Nimejaribu mwenyewe: udongo wa mpini ukikauka kabla ya ule wa begani, unapasuka kwenye maungio siku ya kuchoma. Vinne vyangu vya mwanzo vilipasuka palepale. Sasa navifunika vyote viwili kwa nguo mbichi usiku kucha ndipo navibandika, na vinakubali.

Baada ya hapo wakapaka rojo ya udongo mweupe wa rangi ya maziwa, wakachora juu yake kwa rojo nyekundu inayoelekea kahawia, wakasugua uso kwa kokoto laini mpaka ukang'aa, ndipo wakachoma kwa moto wa wazi unaopata hewa ya kutosha. Rangi mbili tu, nyekundu na nyeupe, na yote unayoyaona yametoka humo. Baadhi ya vyombo viliongezwa weusi baada ya kuchomwa.

Kazi hii haikufanywa nyuma ya jiko la kila nyumba. Huko Cerro Mayal, katika bonde la Chicama, wachimbaji wamekuta karakana nzima, na nyingine ndani ya mji uliokuwa kati ya Huaca del Sol na Huaca de la Luna. Wafinyanzi wa namna hiyo walikuwa na wakubwa waliowatuma, na picha walizochora hazikutoka kichwani mwao tu.

Zungusha

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitapakalia kidogo.

Picha ya gudulia la duara haina mbele wala nyuma. Mchoraji alilishika mkononi akawa analizungusha huku akichora, na mnywaji alilizungusha vilevile. Mara nyingine mstari unapanda kwa kuzunguka kama nyoka kutoka chini hadi juu, na wakimbiaji au mateka wanaufuata. Kabati lililoegemea ukuta linakuibia nusu ya habari.

Dawa yake ni kuukunjua mchoro. Donna McClelland, mchoraji wa Marekani, alifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa pamoja na mwanaakiolojia Christopher Donnan wa chuo kikuu cha Kalifornia pale Los Angeles: gudulia linapigwa picha kutoka kila upande, kisha anachora yote kwenye karatasi moja bapa. Kwa kulinganisha michoro hiyo walianza kuitambua mikono ya wachoraji mmojammoja, kama mwalimu anavyojua mwandiko wa kila mwanafunzi bila kutazama jina.

Fanya hivi nyumbani. Tafuta picha za gudulia moja kutoka pande nne. Makumbusho mengi makubwa yanaziweka kwenye intaneti. Chukua kibuyu cha duara, au puto lililojazwa vizuri ukikosa kibuyu. Kigawe kwa mistari minne ya penseli kama unavyogawa chungwa. Nakili kila upande katika fungu lake. Usijali uzuri, angalia tu kwamba mkono unaokatika kwenye picha ya kwanza unaendelea kwenye ya pili. Kisha chukua karatasi ndefu, uyahamishe mafungu manne kwa mpangilio. Mnamo robo ya tatu kwa kawaida utasikia moyo umeshtuka, kwa sababu mtu uliyedhani anacheza ngoma utamkuta amefungwa kamba, na mwisho wa kamba umo mkononi mwa mwingine ambaye hukumwona.

Ukishaikunjua, iweke mezani na usiulize bado “hii ina maana gani”. Jibu kwanza maswali madogo. Nani mkubwa kwa umbo? Kwao ukubwa wa mwili ni ukubwa wa cheo. Nani ana vipuli vikubwa vya masikioni, nani hana? Nani amevaa, nani yuko uchi? Ardhi ikoje? Mstari wa mawimbi wenye nukta ni mchanga wa jangwa, na mara nyingi dungusikakati imesimama juu yake. Kuna kamba? Kuna kikombe? Andika majibu pembeni kwa penseli.

Alama za vita

Picha nyingi ni za wapiganaji. Wamebeba rungu refu lenye kichwa kinene na ncha kali chini, na ngao ndogo ya duara au ya pembe nne. Lakini tazama vizuri: ni nadra mtu kufia vitani. Lengo ni kukamata. Mshindi anamshika mwenzake nywele za mbele, anampiga uso mpaka pua inatoka damu, kisha anamvua kila kitu. Silaha na nguo za aliyeshindwa zinafungwa fundo moja na kutundikwa kwenye rungu la mshindi, kama mtu anavyobeba mzigo begani. Ukiona fundo hilo, jua pigano limekwisha na maandamano yameanza. Aliyeshindwa anatembea mbele, uchi, kamba shingoni.

Mara nyingi pande zote mbili wamevaa na kushika silaha za Kimoche. Kwa hiyo wako wanaosema haya yalikuwa mapigano ya kidini baina ya watu wa tabaka moja, na wako wanaoona vita vya kweli kati ya bonde na bonde. Mimi naelekea kwa wa kwanza, kwa sababu nguo zile ni za thamani mno kwenda nazo kwenye vita ya kunyang'anyana maji. Ila hilo ni jicho langu.

Mfuate anayebeba kikombe

Sasa turudi kwenye gudulia lililonidanganya. Tukio lake linarudiwa kwenye vyombo vingi, na Donnan alilieleza mnamo miaka ya 1970 akiwapa wahusika wakuu herufi badala ya majina. Ukilijua hili moja, nusu ya michoro mingine itafunguka.

Mchoro una ghorofa mbili, na katikati unapita mkanda wenye kichwa cha nyoka kila mwisho. Juu, aliye mkubwa kuliko wote ni A: kofia ya koni yenye pambo la mwezi mchanga juu yake, miali inamtoka mgongoni, na mara nyingi mbwa mdogo yuko karibu naye. Ndiye anayepokea kikombe. Anayempa ni B, nusu mtu nusu ndege. Nyuma yao anakuja C, mwanamke: kanzu ndefu, misuko inayoishia kwa vichwa vya nyoka, na kichwani manyoya mawili makubwa yaliyosimama. Naye ana chombo mkononi na amekifunika. Anafuata D, mwanamume mwenye mavazi ya heshima. Hewani kunaelea matunda madogo yenye umbo la koma. Watafiti huyaita ulluchu.

Ghorofa ya chini wako mateka. Mmoja ameketi mikono nyuma, na kiumbe mwenye kichwa cha mnyama amemwinamia na kisu. Damu inakingwa. Iko machela ya kubebea mkubwa, tupu, inamngoja mwenyewe. Ukiweka kidole kwenye koo la mateka ukakipandisha, kinafika kwenye kikombe. Ukikifuata kikombe, unafika kwenye mdomo wa A. Huo ndio mtiririko wa mchoro, kutoka chini kwenda juu.

Kwa muda mrefu wengi waliamini hizi ni hadithi za miungu. Mwaka 1987 wezi wa makaburi walivunja kilima cha Sipán, karibu na Chiclayo. Polisi wakamwita mwanaakiolojia Walter Alva, naye akachimba pale wezi hawakufika. Alikuta mtu amelazwa na pambo la kichwani la mwezi mchanga, njuga za umbo hilo, vipuli, fimbo ya enzi. Vitu vya A, kimoja baada ya kingine. Katika kaburi jingine hapohapo alikuwamo mtu mwenye mapambo ya B, la kichwani likiwa na bundi. Mwaka 1991 huko San José de Moro, bonde la Jequetepeque, Donnan na Luis Jaime Castillo walifungua kaburi la mwanamke mwenye manyoya mawili makubwa ya madini meupe kama fedha, yale ya C, na miongoni mwa vyombo vyake kikombe kirefu chenye mguu kama kile cha kwenye picha. Mwaka uliofuata wakapata kaburi la mwanamke mwingine wa cheo hichohicho. Kumbe A, B na C vilikuwa vyeo. Mtu akifa, mwingine anavaa.

Na mateka? Mwaka 1995 Steve Bourget alianza kuchimba uwanja mmoja wa Huaca de la Luna, unaoitwa 3A, akakuta mabaki ya wanaume zaidi ya 70. John Verano aliichunguza mifupa: alama za kisu ziko kwenye pingili za shingo, na wengi wana mivunjiko ya zamani iliyopona, miili ya watu waliozoea kupigana. Baadhi walilala ndani ya tope. Pale mvua hainyeshi, ila miaka ya Elnino. Sisi tunazikumbuka mvua za Elnino za 1997, madaraja yalivyokwenda na maji. Jina lenyewe lilitoka kwa wavuvi wa pwani hiyohiyo ya Peru. Bahari yao ilipopata joto na mbingu zikafunguka juu ya jangwa, watu hawa walichinjwa mvua ikinyesha. Kati ya miili kulikuwa na vipande vya sanamu za udongo ambao haukuchomwa, wanaume uchi wenye kamba shingoni, zimevunjwa makusudi. Mfinyanzi alizitengeneza akijua hazitaingia motoni.

Picha nyingine utakazokutana nazo

Si kila gudulia lina damu. Ukiona wawindaji wa kulungu wamevalia kama wanakwenda harusini, usidhani ni kitoweo. Uwindaji ule ulikuwa shughuli ya wakubwa. Wakimbiaji wanaofuatana jangwani, kila mmoja na kifuko mkononi, ndio waliomfanya Larco Hoyle afikirie maharage na maandishi. Kwenye msako wa simba wa baharini kuna marungu na mawe ya duara.

Ile ya koka nitaieleza kidogo kwa sababu mtu wa pwani yetu ataielewa upesi. Utaona mtu ana kibuyu kidogo mkono mmoja na kijiti mkono mwingine. Ndani ya kibuyu kuna chokaa. Majani ya koka hutafunwa kwa chokaa, kama tambuu inavyotaka chokaa ndipo ikolee. Mara nyingi juu ya watu hao umepinda mkanda wa nyoka wa vichwa viwili, na hapo hushughulika wakubwa, usiku.

Magudulia ya nyuso

Haya hayana cha kukunjua. Uso wenyewe ndio habari. Yalitengenezwa kwa kalibu, na ni nyuso za watu halisi. Mmoja, aliyepewa jina la Mdomo-Uliokatika kwa sababu ya kovu kwenye mdomo wa juu, anaonekana kwenye magudulia zaidi ya 40, tangu akiwa mtoto hadi mtu mzima. Tafuta kovu, rangi usoni, kilemba. Kisha nenda kwenye sanamu za mateka ukatafute uso huohuo: Donnan alionyesha kwamba baadhi ya waliochongwa kwa fahari walikuja kuchongwa tena wakiwa uchi na kamba shingoni. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea na maelezo mbele ya wanafunzi. Nawaachia waangalie.

Mwisho angalia kitako na ukingo

Magudulia yametoka makaburini, lakini hayakutengenezwa yote kwa ajili ya kaburi. Chuchumaa uangalie chini. Kitako kilichochakaa, ukingo uliomeguka zamani hadi mmeguko umelainika, mahali palipozibwa: hayo ni maisha kabla ya kaburi. Kinywaji chao cha shughuli kilikuwa pombe ya kimea cha mahindi, ambayo mpaka leo Peru wanaipika na kuiita chicha. Niliionja Trujillo, na kwa ulimi wangu ilikuwa binamu wa pombe zetu za kimea, ile chachu ya mwanzo na utamu unaochelewa. Kikombe cha damu walikishika wachache. Chicha waliinywa wengi, na gudulia lililochorwa mateka lilipita mikononi mwao wakati wanakunywa.

Kisha likafukiwa na mwenyewe. Sipán, karibu na kaburi la mkubwa yule, kulikuwa na chumba cha vyungu zaidi ya elfu moja, vingi vikiwa vya haraka, vya kalibu, vimepangwa kama watu waliohudhuria. Baadhi ni mateka, kamba shingoni, mikono nyuma.

Usinunue gudulia la kale, hata ukiambiwa lilitoka kwa babu wa muuzaji. Kila linalouzwa gizani limetoka kwenye kaburi lililovunjwa, na kaburi lililovunjwa halitamwambia mtu tena nani alikuwa A. Marekani ilizuia kuingizwa vitu vya Sipán mwaka 1990, na mwaka 1997 ikawekeana mkataba mpana zaidi na Peru. Kama roho inataka, nunua nakala kwa wafinyanzi wa Trujillo na vijiji vyake. Wanatumia kalibu na kokoto, na wanakwambia wazi ni ya juzi. Mimi ninayo moja juu ya rafu, naijaza maji kila muhula ili wanafunzi wasikie jinsi isivyobugujika.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile kabati la Hamburg. Bado limeegemea ukuta. Nilibandika simu kwenye kioo cha ubavuni, nikaielekeza nyuma, nikapiga bila kuona ninachopiga. Picha nne zilikuwa giza tupu. Ya tano, kwenye ukingo wake wa kushoto, ilikuwa na goti lililokunjwa, kisigino, na kipande cha kamba.